Je, wajua kwa nini apu inaacha kufanya kazi wakati hakuna mtu aliyeigusa?

Jumatatu moja saa mbili asubuhi mweka hazina wa SACCO fulani huku Jinja, Uganda, alinipigia simu sauti imejaa hofu, akasema mwanangu mashine imegoma, wanachama wameweka akiba tangu jana lakini mesej haziwafikii na wameanza kusema tumekula pesa zao, na mimi sijabonyeza kitu chochote, haki ya Mungu. Nikamwambia mama tulia. Na alikuwa anasema kweli, hata mimi niliyeitengeneza hiyo programu nilikuwa sijaifungua karibu miezi saba. Sasa iliharibikaje?

Watu wengi wananiuliza hili swali. Jibu ni kwamba mistari niliyoandika ilikuwa vile vile, neno kwa neno, ila apu haisimami peke yake. Inaegemea seva ya mtu mwingine, API ya kampuni nyingine (mlango ambao programu moja hupitia kuongea na nyingine), simu yenye Android ya mwaka huu, na maktaba za msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na watu ambao hatutakutana nao maishani. Mmoja wao akisogea, wewe unaanguka. Kwetu pale kampuni iliyotuuzia huduma ya SMS ilikuwa imezima API yake ya zamani na kufungua mpya, na ile mpya haipokei namba inayoanza na 07, inataka 256, namba ya nchi ya Uganda, mbele. Taarifa walituma, lakini ilienda kwenye imeli ya kijana aliyeacha kazi pale zamani.

Hiyo ilikuwa ndogo. Oktoba 2018 Google ilitangaza kwamba apu za Play Store haziruhusiwi tena kusoma SMS za mtu isipokuwa kwa sababu chache sana, na huku kwetu ambapo mobile money inathibitishwa kwa SMS, kuna madevelopa walikuwa wamejenga kila kitu juu ya kusoma ile mesej ya "umepokea shilingi kadhaa". Ikabidi waanze upya. AngularJS, kifaa cha Google cha kujengea apu za wavuti, nayo ilitoka 2010, watu wakaisoma usiku na mchana, halafu Septemba 2016 ikaja Angular 2 ambayo iliandikwa upya kabisa kiasi kwamba apu ya zamani huwezi kuihamisha tu hivi hivi, na ile ya kwanza ikaachwa rasmi mwisho wa 2021. Hata ukikaa kimya Play Store haikuachi, maana tangu Agosti 31, 2024 apu mpya na kila apdeti ilibidi ilenge Android 14, na mwaka uliofuata Android 15.

Lakini si ukatili wao tu. Kutunza matoleo mawili kwa pamoja ni mzigo mkubwa, na matundu ya usalama ya lile la zamani lazima mtu ayazibe. Chukua Python, lugha ya kuandikia programu: Python 3 ilitoka Desemba 2008 na Python 2 ikaendelea kubebwa mpaka Januari 1, 2020, zaidi ya miaka 11, na wengi waliokuwa wanaibeba walikuwa wanajitolea. Kuna siku lazima useme basi.

Sasa developa anaishije? Mimi kilichonisaidia kuliko vyote ni ukuta. Zamani msimbo wa kuita API ya SMS nilikuwa nimeutawanya sehemu 23, kwenye mikopo, kwenye akiba, kwenye faini, na siku ile niliwinda sehemu moja moja mpaka usiku. Baada ya hapo nikaziweka zote kwenye faili moja inayoitwa tuma_ujumbe, na programu nzima inajua hiyo tu, haijui kampuni gani iko nyuma yake. Faili ya kukokotoa riba sijaigusa tangu 2019 kwa sababu sheria ya riba ni ya wanachama wenyewe, lakini tuma_ujumbe nimeibadilisha mara nne. Kinachobadilika kikae upande mmoja, kisichobadilika upande mwingine.

Pia siku hizi sikimbilii kila mtindo mpya, na si kwa sababu tu bando zina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na kupakua vifaa vipya kila wiki kunauma. Watu walituambia tukate apu vipande vipande, lakini 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon ilieleza kwamba iliunganisha tena vipande vya mfumo wake wa kukagua ubora wa video na gharama zikashuka zaidi ya asilimia 90. Kijana anayeanza leo Kampala ningemwambia ashike SQL kwanza, lugha ya kuhifadhi na kuuliza data kwenye hifadhidata, maana wazo lake linatoka kwenye andiko la Edgar Codd wa IBM la 1970 na bado ndiyo ninayoandika kila siku.

Yule mama tulimfungulia imeli ya SACCO yenyewe, si ya mtu, na nywila yake iko kwake na kwa katibu. Mwezi uliopita ikaingia taarifa kwamba ile API itabadilika tena, akanitumia picha yake siku hiyo hiyo, na ilikuwa imebaki wiki sita.