Tone moja la gundi kwenye skrubu ndogo za shotigani

Katika karakana yangu hapa Arusha, shotigani nyingi ninazoletewa hazina ubaya wowote wa mtutu wala kifyatulio. Zimepoteza skrubu tu. Bunduki iliyolazwa nyuma ya Land Cruiser ikapitishwa njia ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron hutikiswa kwa saa nyingi, na mshindo wa kila risasi humalizia kazi ambayo barabara imeianza. Shanga ya kulengea iliyo mdomoni mwa mtutu hulegea, hudondoka, na mwenyewe hugundua siku ya pili yake. Hapo ndipo mteja huniomba nimkazie kwa gundi, tena iliyo kali kuliko zote, nami humtilia iliyo dhaifu kuliko zote.

Gundi ya skrubu, ambayo mafundi wengi tunaiita Loctite hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki majimaji maadamu inapata hewa, na huganda pale inaponyimwa hewa huku ikigusana na metali, hali inayopatikana katikati ya tredi, yaani mistari ya kuzunguka, za skrubu na za tundu lake. Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, ndiye aliyeibuni mwaka 1953. Kwa kuwa hewa ndiyo inayoizuia isigande, chupa ya gundi hii huuzwa ikiwa na nafasi kubwa ya hewa ndani, na wanunuzi wasiojua hudhani wamepunjwa. Kwa sababu hiyo hiyo, gundi iliyofurika juu ya kichwa cha skrubu haitaganda hata ukiiacha mpaka kesho. Itatambaa polepole hadi ikutane na upenyo mwembamba, na kwenye bunduki upenyo huo huenda ukawa ndani ya mitambo ya kifyatulio.

Katika Loctite aina hutambulika kwa namba na rangi. Namba 222, ya zambarau, ilikusudiwa skrubu ndogo. 243 ya bluu ina nguvu ya kati. 271 nyekundu ni ya bolti ambazo hazitarajiwi kufunguliwa. Skrubu ya shanga ina unene wa milimita 3 hivi, na mfereji wa bisibisi kichwani mwake ni mfupi na haukwenda chini sana. Ukiifunga kwa nyekundu, siku ya kuifungua mfereji utapasuka, au shingo itakatika, kabla gundi haijaachia. Mzee mmoja aliniletea bunduki ya mitutu miwili ambayo skrubu yake ya shanga mtu alikuwa ameifunga kwa nyekundu, kisha akajaribu kuifungua kwa moto wa gesi. Ni kweli kwamba gundi hiyo hulegea kwa joto la nyuzi 250 hivi, lakini ubavu unaounganisha mitutu ya bunduki za namna hiyo mara nyingi umelehemiwa kwa madini ya risasi na bati, ambavyo huyeyuka karibu na nyuzi 190. Skrubu ilitoka, na ubavu nao ukabanduka. Mimi hutumia pasi ya kulehemu ya mafundi redio, nikaigusisha kichwani mwa skrubu peke yake, kisha nikafungua ingali ya moto.

Kabla ya gundi kuna jambo ambalo gundi haiwezi kulitibu. Bunduki nyingi za Kimarekani zina skrubu zenye vipimo vya inchi, na ile iitwayo 5-40 inafanana mno na M3 inayopatikana katika maduka ya vipuri: ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na umbali wa karibu milimita 0.64 kati ya tredi na tredi, ya pili ni milimita 3 na 0.5. M3 itaingia mizunguko miwili, itabana, na mwenye haraka atasema imekaa. Tone la gundi litaficha ulegevu huo kwa msimu mmoja huku tredi za mtutu zikiendelea kulika.

Ikishapatikana skrubu sahihi, na baada ya kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba bunduki haina risasi, husafisha tredi za pande zote mbili kwa asetoni, kwa maana skrubu mpya huja na mafuta na tundu la zamani lina mafuta ya miaka. Huacha zikauke kabisa. Tone lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti linatosha, nami hulichukua kwa ncha ya sindano, si kwa mdomo wa chupa. Tundu likiwa halikutoboka upande wa pili, tone hulitia ndani ya tundu, kwa sababu hewa iliyofungiwa chini huisukuma nje gundi iliyopakwa kwenye skrubu. Likiwa limetoboka hadi ndani ya mtutu, humulika kwa tochi kutoka nyuma: ncha ya skrubu isichomoze hata kidogo mahali marisau yanapopita, na gundi iliyochuruzika ifutwe palepale.

Sehemu za plastiki huziepusha kabisa, kwani gundi hii huzipasua baadhi yake, na kitufe cha usalama cha plastiki kwenye baadhi ya shotigani ni mfano ninaoukuta mara kwa mara. Kwenye chuma cha kawaida skrubu hushika kwa dakika kadhaa na kukomaa kwa saa 24. Kwenye chuma kisichoshika kutu huchelewa, na asubuhi za Julai, wakati baridi ya Meru inapoingia hadi karakanani, huchelewa zaidi. Kwa hiyo mwezi huo bunduki hulala kwangu siku mbili, mteja anune asinune, na kwenye kadi yake huandika namba ya gundi niliyotia na tundu nililoitia, ili fundi atakayeifungua baada yangu ajue kama atahitaji joto au bisibisi tu.