Ukongwe wa neno "mpya" katika lugha za Ulaya

Jijini Paris, daraja kongwe kuliko yote yaliyosimama hadi leo juu ya Mto Seine linaitwa Pont Neuf, yaani Daraja Jipya. Lilikamilika mwaka 1607. Neno "neuf" lenyewe limelizidi daraja hilo umri kwa maelfu ya miaka.

Kifaransa kililirithi kutoka "novus" ya Kilatini. Mwitaliano akabaki na "nuovo", Mhispania "nuevo", Mreno "novo". Mjerumani husema "neu", Mwingereza "new", Mrusi "novyy", Mlithuania "naujas". Wagiriki wa kale walisema "neos", na mji wao kule Italia wakauita Neapolis, mji mpya. Ndio Napoli ya sasa. Hata Kisanskriti cha India kina "nava". (Novemba haimo: hiyo inatokana na "novem", tisa, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa tisa wa Warumi.)

Huwa naulizwa kama lugha hizi zilikopeshana. Neno la mkopo aghalabu huja na kitu chake, kama "meza" tuliyoipata kwa Wareno. Lakini nani angengoja mgeni ndipo aweze kusema "mpya"? Hili ni neno la nyumbani, kila lugha imelipata kwa mama yake, na mama huyo ni mmoja.

Tunalithibitishaje? Tazama kwetu Wabantu. "Mpya" kwa Kishona ni "-tsva", kwa Kizulu "-sha". Kwa sikio ni mbali. Sasa chukua kuungua: Kishona "kutsva", Kizulu "ukusha". Penye "tsv" pale, huku pana "sh", na si mara moja tu. Mwanaisimu hutafuta utaratibu huo. Kufanana kwa sauti peke yake kunaweza kuwa bahati.

Kwa kipimo hicho, si kila lugha ya Ulaya imo katika ukoo huu wa "novus" na "neos". Mfini husema "uusi", Mhungaria "új", na Wabaski, wakazi wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, "berri". Kwa Kibaski, "etxe berri" ni nyumba mpya, na kutokana nayo likapatikana jina la ngome ya Javier, huko Navarra, alikozaliwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1506. Mwaka 1542, akielekea Goa, alitia nanga Malindi. Kila mtoto anayebatizwa Ksaveri kwetu amebeba neno hilo la Kibaski.