Hizo GB 8 za grafiksi ulizouziwa hazipo

Nimelisikia tena juzi, na sasa naliandika hapa ili mtu akiniuliza nimtumie ukurasa huu badala ya kuanza upya. Ni lile dai kwamba laptopu ya kawaida ukiiongezea RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, inageuka kuwa mashine ya gemu, na ukiiongezea zaidi inaendesha miwani ya VR, ile unayoivaa machoni ukajiona uko ndani ya gemu.

Aliyelileta safari hii ni kijana wa Nyalenda, mwanafunzi wa chuo hapa Kisumu. Laptopu yake ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, safi kabisa, kioo hakina mkwaruzo. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba ina "grafiksi ya GB 4", na kwamba RAM ikitoka GB 8 ikafika 16, grafiksi nayo itapanda hadi GB 8. Binamu yake aliye Marekani alikuwa amemtumia Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, na hesabu ilishakamilika kichwani: RAM, kebo, VR. "Fundi, wewe niwekee RAM tu, hayo mengine niachie mimi." Pesa alikuwa nazo mkononi. Nilimwambia azirudishe mfukoni, akadhani sina RAM ya mashine yake.

Kinachoniudhi ni kwamba nambari aliyopewa haikubuniwa. Fungua mipangilio ya skrini ndani ya Windows, utaikuta imeandikwa. Laptopu yenye RAM ya GB 8 itakuonyesha karibu GB 4 za grafiksi, yenye GB 16 itakuonyesha karibu GB 8. Windows inachukua nusu ya RAM na kusema grafiksi inaruhusiwa kuitumia ikihitaji. Ni RAM ileile inayogombaniwa na prosesa, kivinjari na gemu lenyewe. Mstari wenye maana ni ule ulioandikwa "Dedicated", na kwenye mashine hiyo utasoma MB 128, nazo zimekatwa kutoka RAM hiyohiyo. Chipu inayochora picha ni Intel HD 520 iliyomo ndani ya prosesa, na itabaki hiyohiyo hata ukijaza RAM ya GB 32. Kumpa mpishi mmoja meza kubwa hakumwongezei mikono.

Muuzaji anayeandika "GB 8 graphics" kwenye tangazo la laptopu kama hii anajua anachofanya, na kama hajui basi aache kuuza laptopu.

Halafu kuna kundi la pili, nalo linanichosha kuliko la kwanza kwa sababu limesoma kidogo. Hawa hukuambia RAM haina kazi yoyote kwenye gemu, usipoteze pesa. Kwenye laptopu hizi za ofisi si kweli hata kidogo. Grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake, kwa hiyo kila picha inayochora inapita njia ya kuelekea RAM. 840 G3 inatumia RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2133, na kipande kimoja hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye tundu lake, hufungua njia mbili, na kiwango kinafika GB 34. Sasa, laptopu nyingi za mtumba huja na kipande kimoja cha GB 8, tundu la pili liko wazi. Toa hicho, weka viwili vya GB 4. Jumla haijabadilika, nambari ya grafiksi kwenye skrini haijabadilika, lakini gemu la mpira lililokuwa likikwama kila kona inapopigwa linaanza kuteleza. Mtu anayeongeza kipande cha pili na kuona tofauti haoni ndoto. Ila ameielewa vibaya: anadhani ukubwa ndio uliomsaidia, kumbe ni njia. Mwezi ujao anatoa vipande vyake viwili na kuweka kimoja cha GB 16, kwa kuwa 16 ni kubwa kuliko 8, gemu linarudi kukwama, na anakuja kuniambia RAM niliyomuuzia ni feki.

Na hata njia mbili zina mwisho wake. GTX 970 ya mwaka 2014, kadi ya grafiksi inayochomekwa kwenye kompyuta ya mezani, hupitisha hadi GB 224 kwa sekunde kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Weka 34 kando ya 224 uone.

Kuna na umeme, ambao hakuna anayeuulizia. Prosesa ya i5-6300U iliyomo kwenye laptopu nyingi za aina hii imepangiwa wati 15, na wati hizo ni za kugawana kati ya prosesa na grafiksi yake. Gemu likianza, mashine huvuka kiwango hicho kwa muda mfupi, kisha inajirudisha. Joto likipanda inajirudisha zaidi. Ndiyo maana nasikia kila siku "inaanza vizuri halafu inakuwa nzito", hasa mchana wa Februari, laptopu ikiwa juu ya godoro na matundu ya hewa yamezibwa na blanketi. Kusafisha feni na kubadilisha grisi ya prosesa huleta nafuu ya kweli na ni kazi ya bei nafuu. Watu huiruka wakikimbilia RAM.

Chaja pia. Kwenye Dell Latitude za chaja ya duara, katikati ya plagi kuna sindano nyembamba. Haibebi umeme wa kuendesha mashine. Inabeba utambulisho wa chaja. Sindano ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika karibu na shingo ya plagi pale watu wanapopinda kebo, umeme bado unaingia lakini mashine haijui ni chaja gani. Ikiwaka inakupa onyo kwamba aina ya chaja haikutambulika, inashusha kasi ya prosesa makusudi, na haichaji betri. Mtu anabonyeza kitufe aruke onyo, anaingia kwenye gemu, na anahitimisha kwamba laptopu za ofisi hazifai kitu. Zinafaa! GTA San Andreas inakimbia, Counter-Strike 1.6 inakimbia, PES 2017 inachezeka, Minecraft ukishusha mipangilio inachezeka. Usimwache mtu akudharaulie mashine yako kwa sababu haina taa nyekundu kwenye kibodi.

Lakini miwani ya VR ni habari nyingine. Oculus Rift, miwani ya VR ya kuunganishwa na kompyuta, ilipoanza kuuzwa Machi 2016, kiwango kilichopendekezwa kilikuwa kadi ya GTX 970 au R9 290, prosesa ya i5-4590 na RAM ya GB 8. Tazama RAM hapo. Laptopu ya kijana wa Nyalenda ilikuwa nayo tayari! Aliyokosa ni kadi inayokula wati 145 peke yake, wakati chaja yake nzima ni ya wati 45 au 65. Hata tundu la HDMI laptopu hiyo haina, ina DisplayPort na VGA.

Sababu ya masharti hayo ni muda. Gemu kwenye skrini likishuka hadi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde utavumilia. Rift huchora pikseli 2160 kwa 1200 mara 90 kila sekunde, kwa hiyo kila fremu ina milisekunde 11 tu. Ikichelewa, kichwa kimeshageuka lakini dunia iliyo mbele ya macho haijageuka, na tumbo ndilo linalolipa. Gemu la pikseli 1366 kwa 768 kwa fremu 30 ni kama pikseli milioni 31 kwa sekunde. Rift ni milioni 233, na Oculus wenyewe walieleza mwaka 2015 kwamba kazi halisi ya kuchora inafika kama milioni 400, kwa kuwa picha huchorwa kubwa kuliko skrini kabla ya kukunjwa ilingane na lenzi.

Mafundi wengi huishia hapo na kutangaza kwamba grafiksi ya ndani haiwezi VR kamwe. Mimi siwezi kulitamka hilo kwa moyo mweupe. Mwaka 2017 Microsoft walileta Windows Mixed Reality, mfumo wao wa miwani ya VR, na daraja lake la chini lilikubali Intel HD 620 kwa fremu 60. HD 620 haijaizidi HD 520 kwa mengi. Kwa hiyo iliwezekana, kwa programu nyepesi. Kiwango cha Rift cha 2016 nacho kilikuwa na akiba ndani yake, maana kabla ya mwaka kwisha Oculus walikishusha hadi GTX 960 kwa kutumia programu inayobuni fremu za kati. Mpaka uko, ila hauko mahali pamoja, na kila mwaka unasogezwa na watu wa programu.

Lakini usikimbilie miwani hiyo ya Windows ukiiona kwa bei rahisi. Microsoft walitangaza Desemba 2023 kwamba wanaiacha, na toleo la 24H2 la Windows 11 limeiondoa kabisa. Nyingi zinazozunguka kwenye mtumba zinauzwa kwa sababu hiyo, na anayeuza hatakwambia.

Wanaoipinga VR yenyewe nina ugomvi nao pia, ingawa nusu ya hoja zao nazikubali. "Nilijaribu, ni kizunguzungu tu." Nikiuliza walijaribu nini, ni kisanduku cha plastiki chenye simu ndani. Simu nyingi za bei ya chini hazina gairoskopu, kihisi kinachojua simu imegeukia wapi, kwa hiyo picha haifuati kichwa inavyopaswa. Hata ikiwa nayo, kisanduku kinajua tu kwamba umegeuza kichwa; ukiinama au ukipiga hatua hakijui. Miwani kama Quest hufuata vyote viwili. Anayeihukumu VR kwa kisanduku hicho hajaiona bado.

Kuhusu kizunguzungu chenyewe, maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia. Nayakubali, lakini hayanitoshi. Kwa fremu 90 zisizoyumba, kuna mtu atavua miwani akitafuta mahali pa kutapika, na ndugu yake wa tumbo moja atacheza saa nzima. Gemu la kusimama mahali pamoja linawaumiza wachache, gemu la kutembezwa kwa kidole cha gumba linawaumiza wengi, mashine ni ileile. Ndiyo maana simwahidi mteja yeyote kwamba kadi kubwa itamwondolea hali hiyo. Ajaribu kwanza ya mtu mwingine.

Nafasi ni hoja ya kweli. Gemu za kutembea zinataka eneo wazi la kama mita 2 kwa 2. Katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na meza ya televisheni, mita hizo hazipo, na mkono utapiga kioo cha televisheni. Jua pia. Lenzi za miwani hukusanya mwanga. Ukiiweka dirishani lenzi zikitazama nje, jua la Kisumu litachoma alama kwenye skrini iliyo ndani, na doa hilo halitoki.

Sasa yule kijana. Quest 2 yake ina prosesa yake, RAM yake ya GB 6 na gemu zake ndani. Haihitaji kompyuta. Ilihitaji Wi-Fi, akaunti, na programu ya Meta kwenye simu, tukaiwasha kwa bando la simu yake hapohapo. Alikuwa amenunua pia adapta ya kutoa HDMI kwenda USB-C akidhani ndiyo njia ya kuunganisha. Quest haipokei picha namna hiyo. Kupitia kebo, kompyuta huchora gemu, huibana kuwa video, huituma kwa USB, na miwani huifungua. Kubana huko ni kazi ya ziada juu ya kadi, na grafiksi ya HD 520 haikubaliki kabisa. Adapta aliirudisha dukani.

Anayetaka lazima VR ya kompyuta bila kununua mashine ya gemu, aache laptopu nyembamba atazame kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, ile ya boksi la kusimama. Hiyo hakuna anayeiita ya gemu, lakini tundu lake la kadi hutoa hadi wati 75, na GTX 1050 Ti nyingi huishi ndani ya wati hizo bila waya wa ziada. Miwani ya Rift S ya mwaka 2019 ilikubali 1050 Ti, i3-6100 na RAM ya GB 8. Kwa Quest kupitia kebo ningeanzia juu ya hapo, na hapo pawasaplai ya ofisi, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya boksi, huwa haina waya wa kulisha kadi kubwa. Boksi likiwa la aina nyembamba, kadi lazima iwe fupi kwa kimo, la sivyo mfuniko haufungi. Pima kabla ya kununua.

Na kadi yenyewe ikaguliwe. Kuna chipu za GTX 550 Ti, za mwaka 2011, zinazoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti, na Windows inaamini. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi na uifungue kabla hujalipa: tangu 2018 inaandika neno "FAKE" mbele ya jina la kadi kama hizo. Muuzaji akikukataza kuifungua, ondoka na pesa zako.