Mtambo wa simu "usioziba" si mtambo usiojaa

Kuna neno limeshika hapa Tanga kwenye biashara ya mitambo ya simu za ofisini, nalo ni "hauzibi". Linaandikwa kwenye profoma, linatajwa kwenye vikao vya manunuzi, na majuzi nimelikuta kwenye mkataba wa ofisi moja ya wakala wa forodha karibu na bandari: "mtambo hauzibi, kwa hiyo wateja wenu hawatasikia bize tena." Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni porojo. Kinachoniudhi hasa ni lile "kwa hiyo" la katikati, maana ndilo linalomtoa mtu hela.

Maana yenyewe ni fupi. Mtambo usioziba ni ule ambao, maadamu anayepiga yuko huru na anayepigiwa yuko huru, njia ya kuwaunganisha ndani ya mtambo haikosekani, hata kama wengine wote wanaongea saa hiyo hiyo. Basi. Kama anayepigiwa yuko kwenye simu nyingine, hilo halimo kwenye ahadi. Laini zinazotoka nje ya jengo kwenda kwa kampuni ya simu, hizo nazo hazimo.

Ili uone kwa nini sifa hiyo ilikuwa jambo kubwa, anza na simu 21. Ukitaka kila moja iwe na waya wake hadi kwa kila nyingine, unahitaji waya 210. Simu zikiwa 100 waya zinafika 4,950, na hapo mji bado mdogo. Kwa hiyo tangu mwanzo watu walizileta waya zote kwenye chumba kimoja, kila mteja na waya wake mmoja, na kazi ya kuunganisha ikafanyika mle. Mtambo wa kwanza wa biashara wa namna hiyo ulifunguliwa New Haven, Connecticut, Januari 1878. George Coy aliutengeneza kwa vifaa vya kuokoteza, bolti za mikokoteni na waya uliotoka kwenye magauni ya kike. Ulikuwa na wateja 21 na uliweza kubeba mazungumzo mawili tu kwa wakati mmoja. Yaani mtambo huo ulikuwa unaziba, tena vibaya sana, na watu waliulipia kwa furaha.

Baadaye akaja Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Marekani. Inasimuliwa kwamba aliamini opareta wa mjini kwao, yaani mtu aliyeunganisha simu kwa mkono, alikuwa anawapeleka wafiwa kwa mshindani wake, naye akaamua kumwondoa opareta. Hataza yake ilitolewa 1891, na mtambo wa kwanza ukaanza kazi La Porte, Indiana, mwaka uliofuata. Kisa hicho kila mtu anakipenda. Lililo muhimu kwetu ni jinsi mashine zake zilivyokuja kufanya kazi: ukizungusha tarakimu, mkono wa chuma unapanda ngazi kadiri ya tarakimu hiyo, kisha unazunguka kutafuta tundu lililo wazi na kulishika. Tarakimu inayofuata, mkono mwingine unafanya vivyo hivyo. Kila mkono unaamua peke yake bila kujua mbele kukoje. Unaweza kushika njia ambayo hatua mbili mbele imejaa, huku ya jirani yake ingekufikisha. Simu inakufa ingawa njia ilikuwepo.

Dawa ya hilo ilikuwa mtambo wa pau zinazokatana, ambao Waswidi waliufunga Sundsvall mwaka 1926. Katika mitambo ya namna hiyo iliyokuja baadaye kuna sehemu moja inayotafuta njia nzima, toka mwanzo hadi mwisho, kabla ya kushika chochote. Umbo lake mtu wa Tanga analijua kwa miguu. Simama Ngamiani: barabara za namba zimelala sambamba, na mitaa mingine inazikata. Kila wanaoingia wachukue barabara yao moja, kila wanaotoka wachukue mtaa wao mmoja, na kila njia panda uweke swichi ndogo. Ukitaka kumuunganisha wa Barabara ya 8 na wa mtaa wowote, unafunga swichi ya njia panda yao, na hamgusani na mtu mwingine. Gridi kamili kama hiyo haizibi. Tatizo ni bei. Laini 100 upande huu na 100 upande ule ni swichi 10,000. Laini 1,000 ni swichi milioni moja, na zama zile kila moja ilikuwa ya chuma, ya kuunganishwa waya kwa mkono na ya kufutwa vumbi.

Swali likawa je, unaweza kupata mtambo usioziba kwa swichi chache kuliko gridi kamili? Charles Clos wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, alichapisha jibu mwaka 1953. (Clos ni jina la ukoo la mtu. Nimeona maandiko yanaliandika kwa herufi kubwa zote nne kana kwamba ni kifupisho cha kitu. Si kifupisho.)

Chukua laini zile 100, uzigawe makundi 10 ya laini 10. Kila kundi lipe kibao chake cha swichi upande wa mwanzo. Upande wa mwisho fanya hivyo hivyo. Katikati panga vibao vingine, na kila kibao cha kati kiwe na waya mmoja tu kutoka kila kibao cha mwanzo, na waya mmoja tu kwenda kila kibao cha mwisho. Sasa vibao vya kati viwe vingapi ili mtu asikwame kamwe?

Fikiria hali mbaya kuliko zote. Mimi niko kundi la 3 na nataka kumpigia mtu wa kundi la 7. Wenzangu 9 wote wanaongea, kila mmoja amepita kibao chake cha kati. Kwa kuwa kundi langu lina waya mmoja tu kwa kila kibao cha kati, vibao hivyo 9 mimi sivipati tena. Kule kundi la 7 nako wenzake 9 wanaongea, nao wameshika vibao 9, na kwa bahati mbaya si hivi vyetu bali vingine kabisa. 9 na 9 ni 18. Kikiwepo cha 19, lazima kiwe wazi pande zote mbili, na mimi napita. Mara mbili ya ukubwa wa kundi, toa moja. Hiyo ndiyo kanuni nzima. Kila kibao ni gridi ndogo, kwa hiyo swichi za mwanzo zinakuwa 1,900 (vibao 10, kila kimoja 10 kwa 19), za kati 1,900 (vibao 19, kila kimoja 10 kwa 10), za mwisho 1,900. Jumla 5,700 badala ya 10,000, na hakuna simu hata moja inayoziba. Kwenye laini 10,000 tofauti inatisha zaidi: swichi 5,970,000 dhidi ya milioni 100.

Lakini kwa laini 25 mpango huo unataka swichi 675, wakati gridi ya kawaida inataka 625. Unaanza kuleta faida kwenye laini 36 (1,188 dhidi ya 1,296). Kwa hiyo anayekuja kukuambia mtambo wa meza 20 una "teknolojia ya Clos" kama sababu ya kuupandisha bei, mkaribishe kahawa na umsindikize.

Kuna na ndugu yake mtambo usioziba, ambaye watu humchanganya naye. Ukipunguza vibao vya kati kutoka 19 hadi 10, swichi zinabaki 3,000. Mtambo huo unaweza kuziba, ila ukiruhusiwa kuyahamisha mazungumzo yanayoendelea kwenye njia nyingine, nafasi itapatikana kila mara. Václav Beneš, naye wa Bell Labs, aliifanyia kazi sana mitambo ya namna hii miaka ya 1960. Hauzibi kwa sharti. Sharti lisipotajwa, umeuziwa kitu kingine.

Sasa turudi kwenye lile "kwa hiyo". Ukipiga simu na usimpate mtu, sababu zinaweza kuwa tatu. Ya kwanza, mwenyewe anaongea: "namba unayopiga inatumika." Ya pili, mmekosa njia ndani ya mtambo ingawa wote wawili mko huru, huku ndiko kuziba. Ya tatu, laini za pamoja kati ya mtambo na mtambo zimekwisha; huu ni msongamano. Kwenye mitambo mingi hata mlio si mmoja, ule wa msongamano hukatika haraka haraka kuliko wa bize. Sisi tumezoea kuzitia zote kapu moja, tena siku hizi tumeongeza na "hapatikani", mpaka mtu aliyezima simu yake anaitwa "mteja". Kijiweni haidhuru. Kwenye mkataba inadhuru, kwa sababu kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Wazee wanaokumbuka kuagiza simu ya Dar posta, kisha kukaa benchi kungoja jina liitwe, hawakuwa wanangoja ubao wa opareta. Kamba za kuunganishia alikuwa nazo. Alikuwa anangoja laini ya kwenda Dar iachiwe na waliotangulia. Ungempa ubao usioziba, wangengoja vile vile.

Ofisi ile ya forodha ina meza 30 na laini za nje 4. Tuseme katika saa yenye shughuli nyingi kila meza inatumia laini ya nje dakika 4, ukijumlisha zinazoingia na zinazotoka. Hizo ni dakika 120, yaani kwa wastani laini 2 zimeshikwa muda wote. Wataalamu huita kiasi hicho erlang 2, kwa heshima ya Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyetoa kanuni ya kukokotoa simu zinazokataliwa mwaka 1917. Mtu atasema 2 kati ya 4, nafasi iko nusu nzima. Lakini simu haziji kwa foleni, zinakuja zikirundikana. Kanuni ya Erlang inatoa jibu kwamba karibu simu 1 kati ya 10 itakuta laini zote 4 zimeshikwa. Ongeza laini 2 tu, ziwe 6, na zinazokataliwa zinashuka hadi karibu 1 kati ya 80. Ndani ya mtambo hakijaguswa kitu.

Ndiyo maana hata mitambo mikubwa ya mjini haikujengwa ili kila mteja awe na njia yake muda wote. Wateja wengi huingizwa kwenye njia chache kwa makusudi, kwa hesabu hiyo hiyo, na mhandisi anachagua ni simu ngapi katika mia anakubali zikwame. Mtambo unaoziba mara moja moja kwa kiwango kilichopangwa si mbovu. Ni mtambo ambao mtu alikaa akaupigia hesabu.

Na hiyo sifa ya kutoziba ndani imeshuka bei. Mitambo ya kidijitali inaikata sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipande kinakuwa namba, na namba za mazungumzo 30 zinapita zamu kwa zamu kwenye waya mmoja. Mtambo unaziandika kwenye kumbukumbu kwa mpangilio zilivyofika, kisha unazisoma kwa mpangilio mwingine. Kule kuzisoma kwa mpangilio mwingine ndiko kuunganisha watu. Hakuna pau wala njia panda. Kwa ofisi ya meza 30, mtambo unaoziba ndani siku hizi ungeutafuta kwa tochi. Kwa hiyo muuzaji anajisifia kitu ambacho hakimgharimu sana, na kile kinachogharimu, laini za nje, kimeandikwa ukurasa wa nne kwa herufi ndogo.

Simsemi kwamba ni tapeli. Nadhani aliipokea sentensi hiyo kwa aliyemuuzia, akaipitisha ilivyo. Mwenye ofisi aliniuliza, "Fundi, sasa mbona wateja bado wanasema bize, na mtambo niliambiwa hauzibi?" Nikamwambia, mzee wangu, hauzibi kweli, piga kutoka meza hii kwenda ile uone. Kisha tukakifuta kile kipande cha mkataba na kukiandika upya: "Mtambo hauzibi kwa simu za ndani. Laini za nje ni 4; zikishikwa zote, anayepiga atasikia bize." Akasoma, akauliza bei ya laini mbili zaidi.