Kiingereza darasani: dhana tulizorithi na yanayotokea kweli

Mwaka 1961 wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliipitia upya misingi ya mkutano ule, akaibua imani tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo, kikianza mapema ndiyo vizuri zaidi, kikifundishwa saa nyingi ndiyo vizuri zaidi, na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Zote tano aliziita dhana potofu.

Sina ugomvi na waliokutana. Shida ni kwamba imani zile bado zinaingia nasi darasani kila asubuhi, na sisi walimu tumeziongezea nyingine za kwetu.

Dhana: Ukitamka neno la Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, umeharibu kipindi.

Chukua neno "however". Nimewahi kumwona mwalimu akilichezea maigizo kwa dakika tano nzima: anachora mvua ubaoni, anachora mtu anayekwenda kazini, anakunja uso, anainua kidole. Mwishoni nusu ya darasa iliamini "however" ni mwavuli. "Hata hivyo" linatamkwa kwa sekunde moja, na zile dakika tano zingetosha kila mwanafunzi kutunga sentensi mbili za kwake. Lakini neno kama "jump" halina haja ya tafsiri. Ruka, wataelewa.

Kuna makosa ambayo mzizi wake uko kwenye lugha ya mwanafunzi, na hayang'oki mpaka uyashike hapo. Mwanafunzi anasema "My mother, he is a nurse." Si kwamba hajui mama yake ni mwanamke. Kiswahili hakijawahi kumtaka achague. "Yeye" inawatosha wote. Mwingine anasema "I have ten years", kwa sababu nyumbani anasema "nina miaka kumi". Ziandike sentensi hizo mbili ubaoni, ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, umwambie: huku tunakuwa na miaka, kule mtu *ni* miaka yake. Atacheka, na atakumbuka.

Tafsiri inayodhuru ni ile ya kila sentensi. Mwalimu akisema "Open your books" na papo hapo "fungueni vitabu", masikio yanajifunza haraka kwamba Kiingereza ni kelele ya kupita, maana inakuja nyuma yake.

Dhana: Wakijibu "Yes, teacher", wameelewa.

Hii haikutoka Makerere, ni yetu sisi. "Do you understand?" ni swali lenye jibu moja tu la heshima. Ukitaka kujua kama wameelewa "I used to play football", uliza: Anacheza sasa? Hapana. Alicheza zamani? Ndiyo. Mara moja au mara nyingi? Hapo kwenye swali la tatu ndipo utakapoona vichwa vikigeuka kuangalia jirani, na ndipo somo lenyewe linapoanza.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, alikuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali au kulijibu wenyewe. Walipovuta mpaka sekunde tatu, majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Hao walikuwa wanajibu kwa lugha wanayoijua. Mwanafunzi wetu anatafuta jibu na lugha ya kulisemea, vyote kwa pamoja. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, hata kama kimya kinakutekenya.

Dhana: Sarufi kwanza, kuongea kutakuja baadaye.

Herufi moja inatosha kuipinga: ile "s" ya "she works". Mwanafunzi huifundishwa mwaka wa kwanza, huijaza kwenye mapengo bila kukosea, kisha akifungua mdomo anasema "she work". Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1970 zimeonyesha kwamba wanaojifunza Kiingereza, hata wenye lugha za kwanza tofauti, hufanana sana katika mpangilio wa kukamata viambishi: "-ing" huja mapema, "s" ya nafsi ya tatu huchelewa. Kanuni anaijua. Mdomo bado.

Sarufi ifundishwe, lakini ipewe kazi ya kufanya. Zoezi ninalolipenda ni la ratiba iliyokatwa vipande viwili. Mwanafunzi wa kwanza ana saa za mabasi kuondoka, wa pili ana saa za kufika, na haruhusiwi yeyote kuchungulia karatasi ya mwenzake. Basi inabidi waulizane: "What time does it leave?" "When does it arrive?" Wakati uliopo, umbo la swali na namba vyote vinatumika, na hakuna aliyetangaza kwamba leo tunasoma sarufi. Siri ya zoezi ni ile karatasi iliyofichwa. Ukiwaachia waone zote mbili, hawana sababu ya kuongea.

Dhana: Darasa kubwa haliwezi kufanya mazungumzo.

Tupige hesabu. Wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40. Ukimsikiliza mmoja mmoja, kila mmoja anapata sekunde 40, na hiyo ni kama wewe mwenyewe hutafungua mdomo kabisa. Wagawe wawili wawili kwa dakika tano, kila mmoja amepata dakika mbili na nusu, na bado una dakika 35 mkononi.

Madawati yamebanana? Safu ya mbele igeuke iangalie ya nyuma. Kelele zitakuwepo, na jirani atachungulia mlangoni. Maelekezo yatolewe kabla karatasi hazijagawiwa, maana karatasi ikishafika mkononi hakuna anayekusikiliza. Halafu waite wawili mbele wafanye mfano. Mfano wa dakika moja unashinda maelezo ya dakika nne. Watakuwa wanakosea bila wewe kusikia, ni kweli, lakini walikuwa wanakosea vilevile walipokuwa kimya.

Dhana: Kosa lisiposahihishwa papo hapo, litaota mizizi.

Mwanafunzi anasimulia, kwa shida, jinsi alivyopotelewa na mdogo wake sokoni. "He go that side and I..." "Went!" anadakia mwalimu. "Went that side." Hadithi imekufa, na "went" haijazaliwa.

Mwaka 1997 watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya Canada ambako watoto walisomeshwa kwa Kifaransa. Njia ya kusahihisha iliyotumika kuliko zote, zaidi ya nusu ya mara zote, ilikuwa mwalimu kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa. Ndiyo pia iliyoitikiwa kidogo kuliko zote. Watoto wengi walichukulia kwamba mwalimu anakubaliana nao, wakaendelea. Njia zilizomwachia mtoto ajirekebishe zilimfanya afikiri.

Kwa hiyo tumia vidole. Inua mkono, kila kidole neno moja: "Yesterday – he – go – home." Gusa kidole cha tatu, unyamaze. Mara nyingi "went" itatoka yenyewe, kama si kwake basi kwa aliye nyuma yake. Hiyo ni kwa zoezi la usahihi. Kwa hadithi ya sokoni, mwache amalize, wewe andika pembeni. Dakika tano za mwisho weka ubaoni sentensi sita ulizozisikia, tatu sahihi na tatu zenye kosa, bila majina, wazichambue wenyewe. Usiache zile sahihi. Wanapenda kuona sentensi yao ubaoni ikiwa haina doa.

Dhana: Mwalimu bora ni aliyezaliwa na Kiingereza.

Muulize kwa nini husemi "I have seen him yesterday". Wengi watakujibu kwamba haisikiki vizuri. Aliyejifunza kwa jasho anajua alipojikwaa, na jiwe lenyewe anaweza kukuonyesha.

Kwenye matamshi hofu ni kubwa zaidi, na mara nyingi iko mahali pasipostahili. Mwanaisimu Jennifer Jenkins, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2000, alitazama kinachowapoteza watu wasiozaliwa na Kiingereza wanapozungumza wao kwa wao. Sauti za "th", ambazo tunazitesea wanafunzi wiki nzima, hazikuwa tatizo kubwa. Urefu wa irabu ulikuwa. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, na ndiyo maana "ship" na "sheep" zinatoka mdomo mmoja.

Dawa yake ni mchezo. Chora meli upande mmoja wa ubao na kondoo upande wa pili. Mwanafunzi achague kimoja kimoyomoyo, atamke, nawe uonyeshe ulichokisikia. Alitaka kondoo, wewe umeonyesha meli. Hakuna maelezo ya ulimi na meno yatakayomfikia kama mshtuko huo.

Nami naongeza mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "photography" inageuka pho-to-GRA-phy, wakati waliozaliwa na Kiingereza wanasema pho-TO-gra-phy. Piga makofi kwenye silabi nzito tu, darasa zima, mara tatu, mwendelee.

Dhana: Mtoto akianza mapema zaidi atafika mbali zaidi.

Inategemea anasikia lugha kiasi gani. Utafiti wa Barcelona ulioongozwa na Carmen Muñoz ulilinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na umri tofauti, lakini wakapata saa sawa za masomo. Walioanza wakubwa walikuwa mbele. Mtoto mdogo hunyonya lugha inayomzunguka kutwa nzima. Vipindi vichache kwa wiki havimzunguki.

Dhana: Maneno ishirini mapya kila siku.

Orodha ya msamiati ya mwalimu wa Kiingereza Michael West, ya mwaka 1953, ilikuwa na maneno ya msingi yapata 2,000, na ndiyo yanayojaa katika karibu kila ukurasa wa Kiingereza. Anza na hayo, manane kwa kipindi yanatosha. Kazi iko kwenye kuyarudia. Mimi nina bahasha ukutani. Kila neno jipya linaandikwa kwenye kikaratasi na kutumbukizwa humo. Kipindi kikianza, mwanafunzi mmoja anachomoa vitano, anaeleza neno bila kulitaja, wenzake wanabuni. Neno likibuniwa haraka siku tatu tofauti, linatolewa. "However" limekaa humo tangu muhula uliopita.