Kubadili poti ya SSH pekee hakulindi seva

Kuna ile meseji inazunguka sana kwenye magrupu, eti ukihamisha SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kutoka poti 22, yaani namba ya mlango wake wa mtandao, kwenda 2222 basi seva yako haidukuliki tena. Jamani, si kweli. Poti ziko 65535 tu na programu za kuskani zinazipitia zote, ila majaribio ya kubahatisha nywila yanapungua kwenye logi (kumbukumbu za seva) ndo maana watu wanadhani wamepona. Kinga yenyewe ni funguo za SSH, mafaili ya siri ya kuingilia badala ya nywila: tengeneza kwa ssh-keygen, weka ule wa umma kwenye seva, jaribu kuingia nazo kwanza usije ukajifungia nje, halafu kwenye faili la mipangilio /etc/ssh/sshd_config weka PasswordAuthentication no (kuzima kuingia kwa nywila) na PermitRootLogin no (kuzuia root, akaunti kuu, kuingia moja kwa moja), uwashe upya huduma ya SSH. Kuhakiki andika sudo sshd -T usome mistari hiyo miwili. Ikikufikia tena meseji hiyo tafadhali usiifowadi, mtumie mwenzako hiyo amri aangalie seva yake.