Programu ya Windows kwenye Mac: mkalimani, mfasiri na mgeni wa chumbani

Mama mmoja mhasibu alinijia dukani na MacBook Air mpya kabisa, kioo bado kina nailoni. "Fundi, mwanangu kaniletea hii kutoka Uingereza. Niwekee ile programu yangu ya hesabu nianze kazi." Akaweka mezani na kidude chake cha USB, kile kinachobeba leseni. Kisipochomekwa, programu haifunguki. Nilipokiona tu kile kidude nikajua leo tutakesha.

Sikumwambia papo hapo. Programu zake nyingine za Windows zingekubali bila tabu, na ningeanza na "hii haitawezekana" angedhani Mac nzima haifai. Ilibidi nianze mbali kidogo. Nimeona niandike hapa nilivyomweleza, kwa sababu hata mafundi wenzangu wanachanganya: kila kinachofungua programu ya Windows kwenye Mac wanakiita emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, kisha wanashangaa mbona hii imekubali na ile imegoma.

Kuna matatizo mawili, siyo moja. Programu ya kawaida ya Windows imeandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel na AMD, inayoitwa x86. Mac zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, M1 na wadogo zake, zinaongea lugha ya ARM. Hapa hatuzungumzii Kimvita na Kiunguja, ambapo mtu akikaza sikio anaelewa. Hawa hawasikilizani hata neno moja. Hilo la kwanza. La pili, hata lugha ingekuwa moja, programu ya Windows haijitegemei. Kila mara inaiomba Windows kitu: nifungulie faili hili, nichoree dirisha, niambie saa ngapi. Kwenye Mac inaita hodi na mwenyeji hayupo.

Kati ya 2006 na 2020 tatizo la kwanza halikuwepo, maana Mac zilitumia chipu za Intel. Boot Camp ilipotoka Aprili 2006, ulikuwa unaweka Windows yenyewe kwenye diski na Mac inawaka kama PC yoyote. Zikaja na programu za kuendesha Windows ndani ya dirisha la Mac: Parallels Desktop mwaka huohuo, VMware Fusion mwaka uliofuata. Waliotumia Mac kabla ya hapo, enzi za chipu za PowerPC, wanakumbuka Virtual PC ya Connectix iliyotoka 1997. Ile iliiga kompyuta nzima, chipu na vyote, na unaweza kwenda kunywa chai dirisha likiwa linafunguka. Chipu za M zimeturudisha upande ule, ila safari hii wakalimani wamesoma.

Mkalimani ninayemheshimu kuliko wote ni Rosetta 2, iliyo ndani ya macOS. Kwa kweli nakosea kumwita mkalimani. Mkalimani husimama kati ya watu wawili akageuza sentensi moja moja, na mazungumzo hayawezi kwenda kasi kuliko mdomo wake. Rosetta ni mfasiri: programu ya Intel ikifunguliwa mara ya kwanza, anakichukua kitabu kizima, anakifasiri na kuhifadhi nakala. Ndiyo maana mara ya kwanza aikoni inarukaruka hadi unataka kuifunga, na mara ya pili inafunguka kama iliyozaliwa humo. Kuna msimbo ambao programu huutunga papo hapo ikiwa kazini, na huo hauwezi kufasiriwa mapema, kwa hiyo Rosetta anaukalimani palepale.

Ila siri ya kasi yake haipo kwenye programu peke yake. Fikiria duka lenye makarani wawili na daftari moja. Kwenye duka la Intel kuna sheria kali: nilichoandika kwanza, karani mwenzangu atakiona kwanza. Kwenye duka la ARM sheria ni legevu. Naweza kuandika "mzigo umefika" kisha "pesa imelipwa", mwenzangu akaanza kuiona pesa kabla ya mzigo, isipokuwa niwe nimesema wazi "subiri". Programu iliyozaliwa kwenye duka la Intel haijawahi kufundishwa kusema "subiri". Emuleta ya kawaida hulazimika kupachika "subiri" kila mahali ili hesabu zisivurugike, na hapo ndipo mwendo unapokufa. Apple waliweka ndani ya chipu za M swichi ya kuwasha sheria ile ya Intel, na Rosetta akiwa kazini swichi inawashwa. Mfasiri amejengewa ofisi yake ndani ya chuma.

Sasa, Rosetta anatatua lugha tu. Ukimpa faili la .exe hana la kufanya, kwa sababu yeye anajua programu za Mac zilizoandikwa kwa Intel. Mwenyeji bado hayupo. Hapo anaingia Wine.

Wine ni mradi ulioanza 1993, na toleo la 1.0 lilifika 2008, miaka kumi na mitano baadaye. Jina lenyewe watengenezaji wanalifafanua kuwa Wine si emuleta, na hawatanii. Wine haiigi kompyuta wala chipu. Inasimama mlangoni badala ya Windows. Programu ikiita hodi, "nifungulie faili", Wine inaitika kwa sauti ya Windows, inageuka inaiomba macOS, inaleta jibu. Hakuna Windows iliyosakinishwa na hakuna leseni ya kununua. CrossOver ya kampuni ya CodeWeavers ni Wine iliyopangwa vizuri na kuwekewa vitufe, na unailipia.

Nikimwonyesha mteja, namfungulia folda. Ndani ya kile CrossOver inachokiita chupa kuna folda inayoitwa drive_c. Hiyo ndiyo "diski C" ya programu: ina Program Files, ina windows, ina system32, yote ni folda za kawaida tu ndani ya Mac. Na kwa kawaida kuna herufi Z, inayoelekea kwenye diski nzima ya Mac yako. Angalia hapo vizuri. Kirusi cha Windows kikiingia kwenye chupa na Z iko wazi, picha zako na nyaraka zako ziko mkononi mwake. Mtu akikuambia Mac haipati virusi, muulize kuhusu Z.

Kwa hiyo ukifungua programu ya Windows kupitia CrossOver kwenye Mac ya M, wanafanya kazi wawili kwa pamoja: Wine anaitika hodi, Rosetta anafasiri lugha. Fungua Activity Monitor uangalie safu ya Kind, utaona imeandikwa Intel. Kwa programu ndogondogo na michezo mingi njia hii ni nyepesi mno, haili RAM ovyo. Udhaifu wake ni kwamba Wine hajui kila hodi. Programu ikiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha, inafunga kimya kimya, hata samahani haisemi.

Njia nyingine ni kumleta mwenyeji mwenyewe akae chumbani: mashine pepe. Parallels, Fusion au UTM inatenga sehemu ya RAM na diski, na ndani yake unaweka Windows kamili. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mashine pepe kwenye Mac ya M haibadilishi lugha ya chipu. Kinachokaa ndani ni Windows 11 ya ARM, inayoongea na chipu moja kwa moja, na kwa sababu hiyo inaruka. Anayetafsiri programu zako za x86 ni Windows mwenyewe, maana Microsoft wameweka mfasiri wao ndani ya Windows ya ARM, na tangu toleo la 24H2 wanamwita Prism. Ukitaka kumwona, fungua Task Manager, nenda Details, uongeze safu ya Architecture. Utakuta programu za Windows zenyewe ni ARM64, na ile ya kwako ya zamani imeandikwa x86. Zinaishi nyumba moja, ila mmoja ana mfasiri.

Kuhusu uhalali: Februari 2023 Microsoft waliidhinisha rasmi Windows 11 Pro na Enterprise za ARM ziendeshwe kwenye Parallels Desktop kwa Mac za M1 na M2. Fusion nayo imekuwa ya bure tangu 2024, mpaka kwa matumizi ya biashara. Leseni ya Windows ni juu yako.

Turudi kwa mama. Nilimwekea mashine pepe, programu ya hesabu ikasakinishwa vizuri, ikafunguka mpaka pale inapouliza leseni. Nikachomeka kidude, Mac ikauliza kiende wapi, nikachagua Windows. Ndani ya Windows, kwenye Device Manager, kikatokea na pembetatu ya njano. Na haikuondoka, hata nilipokisakinisha upya mara tatu.

Sababu ni hii, na ndiyo niliyoijua tangu pale mezani. Mfasiri wa Windows anafasiri programu tu. Draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, hafasiri. Draiva hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na pale lazima iwe imeandikwa kwa ARM64 tangu kwa mtengenezaji. Draiva ya kile kidude ilikuwa ya x86 na hakukuwa na nyingine. Ugonjwa huohuo ndio unaozigusa printa za kizamani, baadhi ya vifaa vya maabara, na michezo yenye kinga ya udanganyifu inayojichimbia kwenye kiini: Valorant, kwa mfano, usijisumbue nayo. Siku hizi mteja akiniuliza "itakubali?" siulizi Mac ya mwaka gani. Nauliza: programu yako inachomekwa na nini?

Ilibaki emuleta ya kweli, ile inayostahili jina. UTM, ambayo ni ya bure, imejengwa juu ya QEMU, kazi iliyoanzishwa na Fabrice Bellard, na ukiiambia iige badala ya kutenga, inatengeneza PC nzima ya x86 ndani ya programu. Hapo hata draiva ya x86 ina kompyuta yake ya kuamini. Lakini sasa ni mkalimani wa sentensi moja moja, na hana ile swichi ya Rosetta. Windows XP ndani yake inavumilika, na nimewahi kuokoa hivyo data iliyokwama kwenye programu ya zamani. Windows 11 ndani yake ni adhabu. Mhasibu mwenye marejesho ya kodi ya mwisho wa mwezi humpi kitu hicho.

Tulichofanya ni cha kishamba na kinafanya kazi. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Windows Pro ilinunuliwa, ikawekwa ofisini kwake na kidude kikachomekwa humo. Kwenye Mac nikaweka programu ya Microsoft ya kuingia kompyuta ya mbali, siku hizi inaitwa Windows App. Anakaa na Mac yake, anaona dirisha la hesabu, hajui wala hajali linatoka wapi. Umeme ukikatika ofisini ndipo anapojua, kwa hiyo tuliongeza UPS.

Kwa Mac ya GB 8, mashine pepe nasitasita kuipendekeza: ukiipa Windows GB 4, ambacho ndicho kima cha chini cha Windows 11, Mac nayo inabaki inahema. Na RAM ya Mac hizi imeungwa humohumo na chipu, hakuna cha kwenda Kariakoo kuongezea. Wenye GB 16 wanaishi kwa amani.

Kuna jambo moja la kuangalia kalenda. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba Rosetta itaendelea kuwepo kikamilifu mpaka macOS 27, kisha itabaki sehemu yake tu kwa ajili ya michezo ya zamani. Wenye mashine pepe haliwagusi sana, maana mfasiri wao ni wa Microsoft na anakaa ndani ya Windows. Wanaoishi kwa Wine juu ya Rosetta ndio wenye swali, na watengenezaji wa Wine ndio wenye kazi. Wateja wangu wa kundi hilo nimewaambia wasibonyeze kusasisha macOS kila wanapoona kidoti chekundu. Wanipigie kwanza.